Malkia Ndani ya Chemni

Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Mvua ya jana jioni bado inadondoka kutoka majanini, na Bi. Zamda Mdoe ameshika tawi la mchungwa kwa mkono wa kushoto, kama anavyoshikwa mtoto asiyetaka kunawa uso. Kwa mkono wa kulia anafungua jani.

Jani hilo halikukunjwa na mdudu wala upepo. Amelikunja yeye mwenyewe siku nne zilizopita, likawa kama kifuko cha tumbaku, akalifunga kwa uzi wa mgomba. Yako arobaini ya namna hiyo katika bustani ya kijiji cha Kwemkuyu, wilaya ya Handeni, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Kwamsisi. Ishirini na mawili ameshayafungua. Yote yalikuwa matupu, isipokuwa moja lililokuwa na buibui, na jingine lenye konokono ambaye Bibi alimpa pole kwa kumsumbua.

La ishirini na tatu analifungua nusu. Anachungulia. Anafunga.

"Yumo," ananong'ona. "Fatu, njoo. Polepole, usiniletee vishindo vyako vya kutwanga."

Fatu ni wifi yake, na wanakaa nyumba moja. Anakuja na ungo wa kumbikumbi kiunoni, aliowaokota mlangoni jana baada ya mvua.

"Si kumbikumbi huyo?" anauliza. "Mtupe humu nimkaange na wenzake."

"Kumbikumbi ana kiuno?"

Fatu anainama, anafinya jicho moja. "Mh! Huyu anacho."

"Basi. Kumbikumbi kaumbwa mzima mzima kama mchi. Huyu ana kiuno cha kuvalia shanga. Sasa mtazame mabegani. Unaona vidoa vinne, viwili huku na viwili huku? Hapo ndipo mbawa zilipokuwa. Amezivunja mwenyewe. Mwanamke akishavunja mbawa zake, ujue amepata mahali pa kukaa."

Mdudu mwenyewe ni mrefu kuliko punje ya hindi, mpana wa kifua, tumbo limejaa. Rangi yake ni ya jani la mchungwa lililoanza kuzeeka, si kijani wala si hudhurungi. Amelalia kitu cheupe kidogo kama chembe ya chumvi. Ni mayai.

Bi. Zamda anakata jani zima kwa ukucha, analilaza ndani ya kikombe cha bati, anafunika kwa pindo la kanga. "Bismillahi, mama," anamwambia mdudu. "Twende nyumbani."

Huyo ni malkia wa majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani ya miti kuwa nyumba, na ambao wakikuuma unadhani umemwagiwa birika. Leo Jumamosi, tarehe 15 Mei 1976, Bi. Zamda anamhitaji kuliko siku nyingine yoyote. Baada ya sala ya adhuhuri, viongozi wa kijiji watakuja bustanini kuamua kama michungwa itabaki au itakatwa kupisha mahindi.

Bi. Zamda ana miaka sitini na mitatu. Ni mtunza bustani wa kijiji tangu michungwa hiyo ilipopandwa mwaka 1969, miti themanini na minne, mistari saba ya miti kumi na miwili. Kazi hiyo hakuigombania. Wengine waliikataa kwa kuogopa kuumwa.

Yeye haogopi. Majimoto alifundishwa na shangazi yake aliyekuwa na milimao, tangu hajavunja ungo. Anasema mti wenye majimoto ni kama nyumba yenye watu: mwizi hupita mbali. Wezi wenyewe ni wadudu wafyonzaji ambao hapa huitwa kunguni wa miti. Hutoboa chungwa likiwa changa, wakanyonya, na chungwa likaanguka kabla ya kuwa na maji. Majimoto huwakamata, wakawakatakata na kuwapeleka nyumbani kuwa kitoweo.

"Hawataki mshahara, hawataki jembe," anasema Bi. Zamda. "Wanataka kitu kimoja tu, mama yao asiguswe."

Na hapo ndipo balaa la mwaka 1974 lilipoingilia.

Wakati huo majimoto walikuwa mistari minne tu. Mistari mitatu haikuwa nao, na machungwa yake yalikuwa yakianguka, nane katika kila kumi. Kijiji kikakaa mkutano. Bi. Zamda akasimama akaeleza: dawa ya kunguni ni majimoto, watumike, wahamishiwe na upande wa pili. Watu wakapiga makofi. Katibu wa kijiji, Habakuki, akaandika. Siku ya tatu Bibi akaenda Kilole, Korogwe, ambako binti yake alikuwa amejifungua, akakaa arobaini nzima akimkanda mzazi na kumbeba mjukuu.

Nyuma yake akaletwa bwana shamba mpya, Laurenti Kasmiri, kijana wa miaka ishirini na sita. Laurenti alizaliwa kambini kwenye shamba la mkonge, akakulia Kilole. Mkonge anaujua kwa harufu. Sisimizi wa michungwa hakuwahi kuwasikia kwa jina. Alipofika alifanya kama afanyavyo mtumishi mwenye bidii: akaomba daftari la mikutano, akasoma.

Habakuki, ambaye kwao ni watu wa bara waliokuja kwa mkonge kama akina Laurenti, alikuwa ameandika hivi: "Kunguni wa michungwa: Bi. Zamda aeleza kuwa maji moto ndiyo dawa. Yatumike."

Yatumike. Mama huyu alisema watumike. Ni silabi moja tu, wa ikawa ya, na mdudu akageuka maji.

Laurenti akaamuru kuni zikusanywe. Mapipa matatu yakainjikwa bustanini. Alipoyaona yale mabonge ya majani yaliyoshonwa juu ya miti, akayadhania kuwa ndiyo nyumba za kunguni, akaamuru yaanzwe hayo.

Wapo waliojua. Lakini bwana shamba alikuwa na kalamu mfukoni na barua ya wilaya mkononi, nani amfundishe? Mzee Mhina, mfua vyuma, ndiye pekee aliyethubutu kuuliza.

"Bwana shamba, samahani. Ni majimoto wepi, au ni maji moto yapi?"

"Yaliyochemka, mzee," Laurenti akamjibu kwa heshima.

Mzee Mhina akarudi kwenye mivukuto yake. Maji yakamwagwa kwa siku mbili.

Bi. Zamda aliporudi kutoka Kilole, bado na harufu ya mafuta ya mtoto nguoni, alikuta majani yamekuwa rangi ya chai. Miti thelathini na mmoja haikupona. Majimoto waliobaki walikuwa wakizunguka mashina bila njia, wengine wamebeba watoto weupe midomoni, hawajui pa kuwapeleka.

"Nilikaa chini," anakumbuka. "Sikulia. Nilifikiri, mama zao wako wapi? Nikatafuta bonge kwa bonge. Wa kwanza nikamkuta kwenye mti wa nne, mstari wa pili. Amepikwa. Na wanawe bado wamemzunguka wanamlamba. Wale wa mistari mingine, hali ileile."

Wale yatima waliendelea kulinda miti miezi miwili, mitatu, kisha wakaisha. Bila malkia hakuna anayezaliwa.

Laurenti alikuja nyumbani kwake siku ya pili baada ya Bibi kurudi. Alisimama uani, kofia mkononi, akasema shikamoo mara tatu.

"Marahaba, marahaba, na ya tatu marahaba," Bi. Zamda akajibu. "Kaa. Umekula?"

"Bibi, mimi ndiye niliyewachemsha."

"Najua. Nimekuuliza kama umekula."

Fatu, aliyekuwa akichekecha unga, hakuwa na moyo huo. "Mpe uji wa moto," akasema. "Si ndiyo dawa yake?"

Laurenti akalia palepale, mtu mzima, mtumishi wa serikali. Bi. Zamda akamwacha alie mpaka akamaliza, kisha akamwambia maneno ambayo kijana huyo anayarudia mpaka leo: "Mwanangu, wewe ulisoma vizuri. Ila ulisoma kabla ya kuuliza, na sisi tulijua tusiseme. Kosa hili ni la wengi, usilibebe peke yako utavunjika mgongo. Masika ikija, njoo tutafute malkia."

Masika ya mwaka 1975 ikawakuta tayari. Malkia wa majimoto huruka jioni, mvua ikishakatika. Wanaume wao, weusi wadogo, hufa baada ya harusi. Yeye hushuka, akatafuta jani lililojikunja ili ajifiche na kutaga. Ndiyo maana Bi. Zamda hukunja majani mwenyewe: anatandika kitanda kabla mgeni hajafika.

Mwaka huo walipata wanne. Swali likawa wawekwe wapi. Kopo halionyeshi ndani, na chupa haipumui. Bi. Zamda akatazama taa yake, akachomoa kioo chake, ile chemni. Ni nyembamba, inapitisha mwanga, iko wazi juu na chini. Akaziba kila upande kwa kitambaa cha kaniki, akatia jani bichi la mchungwa, na ndani yake malkia. Nyingine tatu, zenye nyufa, aliziomba kwa majirani.

Tangu hapo nyumba hiyo ina taa isiyo na kioo. "Wao wanalala kwenye vioo kama bibi harusi," analalamika Fatu, "sisi tunakula ugali na moshi wa kibatari."

Watatu wa kwanza walikufa. Bi. Zamda hafichi sababu.

"Nilikuwa na haraka. Kila asubuhi nafungua kitambaa, nachungulia, nahesabu mayai. Leo nane. Kesho sita. Kesho kutwa hakuna. Nikasema, mchawi ni nani? Kumbe ni yeye. Malkia akichunguliwa mno anaogopa, na akiogopa anakula mayai yake, kisha naye anadhoofika anakufa. Nami ndiye niliyemwogopesha, mimi niliyezaa saba na kulea kumi na wawili."

Wa nne aliponea kwa kusahauliwa. Bi. Zamda alishikwa na homa, wiki tatu hakutoka kitandani. Chemni moja aliyokuwa ameisogeza nyuma ya mtungi, penye ubaridi, ikabaki hukohuko. Siku alipopata nguvu ya kwenda kuchota maji, kidole chake kikagonga kioo. Aliitoa akijua anatoa maiti.

Ndani palikuwa na mama mmoja na watoto kumi na mmoja wanaotembea, rangi ya asali, wadogo kama ufuta.

"Hapo ndipo nilipojifunza kazi," anasema. "Kumtunza malkia ni kumwacha. Tone la maji kwenye kitambaa kila siku ya tatu, giza, na mikono yako uikalie."

Lakini kumi na mmoja hawalindi mti. Bi. Zamda alijua njia ya shangazi yake: huazimwa watoto kutoka kwa majimoto wengine, wale weupe waliolala, ambao hawajaamka kumjua mama yao. Wakiamkia kwa malkia mwingine, huyo ndiye mama.

Handeni palikuwa pamekauka kwa ukame, majimoto hawakuonekana karibu. Laurenti akakumbuka mlimao uani kwa mama yake. Akapanda baiskeli mpaka Kilole. Mama yake, Grasiana, alimkuta asubuhi juu ya mti, kikapu shingoni, anajipiga makofi usoni.

"Nilikuzaa kambini, nikakusomesha kwa kupika pombe," akamwambia, "leo umekuwa bwana shamba unakuja kuniibia sisimizi?"

"Mama, nilimaliza wa watu."

"Kwa hiyo sasa unamaliza wangu. Shuka unywe chai kwanza, jicho hilo limefumba."

Alirudi Kwemkuyu jicho moja limevimba na kikapu kimejaa mabonge ya majani. Watoto wa Kilole waliamkia mikononi mwa malkia wa nyuma ya mtungi, na mwezi wa nane mwaka huo wote wakafungwa kwenye mstari wa sita, wenye miti minane iliyobaki. Mwaka huu masika imempa Bibi malkia wengine wanne, ambao wako uvunguni, tayari na watoto. Na huyu wa leo asubuhi, kwenye kikombe cha bati, ni wa tano.

Saa nane mchana viongozi wanafika. Mwenyekiti, Athuman Semboja, si mtu mbaya. Njaa ya mwaka juzi anaikumbuka, alizika wawili. Anasema wazi mbele ya watu waliokusanyika.

"Bibi, sina ugomvi na wewe. Wilaya inaniuliza ekari za mahindi. Hainiulizi maua ya machungwa. Na machungwa yenyewe naona yako chini, hayako juu."

"Hesabu," anasema Bi. Zamda.

"Nihesabu nini?"

"Yaliyo chini. Anza mstari wa tano, kisha uje wa sita."

Habakuki anatoa daftari. Mstari wa tano, miti saba, wanahesabu machungwa machanga yaliyoanguka mpaka mia mbili na kumi, kisha Mwenyekiti anasema yatosha, mgongo unauma. Wanaingia mstari wa sita. Chini ya miti minane wanaokota sita. Semboja anatazama juu. Matawi yameinama kwa uzito. Anaegemeza kiganja shinani afikiri vizuri.

"Lo!" Anaruka, anakung'uta mkono, anaruka tena.

"Mwenyekiti, wasamehe," anasema Fatu. "Hao hawajui cheo."

Watu wanacheka, na Semboja mwenyewe, mkono mdomoni, anacheka. Kisha anarudi kwenye uso wake wa uenyekiti. Wanateta pembeni kitambo. Habakuki anaandika, na safari hii anamsomea Bi. Zamda kila neno kabla ya kuweka nukta.

Uamuzi ni huu. Mstari wenye majimoto utabaki. Mstari usio na majimoto ifikapo Sabasaba utakatwa, na ardhi yake italimwa mahindi ya vuli.

"Umesikia, Bibi?" anauliza Semboja.

"Nimesikia. Ni haki."

Watu wanaondoka. Laurenti amebaki, anahesabu kwa vidole. Mistari ni saba. Mmoja una majimoto. Chemni nne, na kikombe kimoja. Sita. Anahesabu tena, labda amekosea.

"Bibi, malkia amepungua mmoja."

"Najua."

"Hatuwezi kumpa mmoja mistari miwili? Tumgawie?"

Bi. Zamda anacheka mpaka anajifuta macho kwa kanga. "Mume ndiye hugawanywa nyumba mbili, mwanangu. Mama hagawanyiki. Na mistari yetu imeachana, matawi hayagusani. Akikaa huku, huko hafiki."

Malkia akishatua hutaka siku thelathini na tano, wakati mwingine arobaini, mpaka watoto wa kwanza watembee. Kutoka leo mpaka Sabasaba ni siku hamsini na tatu. Maana yake huyo wa mwisho lazima apatikane ndani ya wiki mbili, na masika iko ukingoni. Mawingu ya leo ni mepesi, yanapita kama watu wasio na shughuli hapa.

Mstari wa saba, ulio mbali kuliko yote, una miti mitano tu. Laurenti anauliza kama huo si ndio wa kuachwa, kwa kuwa ni mdogo.

"Na hiyo mitano nani aiambie?" anauliza Bi. Zamda.

Ameshakaa chini, miguu ameinyosha, rundo la nyuzi za mgomba pajani. Kumi na saba yaliyosalia asubuhi yalikuwa matupu pia, na majani hayo ya zamani hayafai tena, yameanza kukauka na malkia hataki kitanda kikavu. Anakunja mapya. Laurenti anakaa kando yake, anajaribu moja, linafunguka. Bibi analichukua, analikunja upya mbele yake bila kusema, anamrudishia uzi afunge mwenyewe. La pili linashika.

Fatu anapita na ungo wake mtupu, anasimama kuwatazama. "Mnakunja arobaini kwa mdudu mmoja?"

"Arobaini na tano," anajibu Bi. Zamda. "Sijui atapenda lipi."

Mwandishi anamuuliza anaomba nini kwa serikali, kwa kijiji, kwa watu watakaosoma habari zake. Anafikiri kidogo, uzi mmoja ameuuma kwa meno.

"Sina la kuwaomba," anasema. "Namwomba Mungu mvua moja tu ya jioni, isiyo na upepo. Mengine nayaweza."